Karatasi za Kufungia Sahani

Sahani ya enameli ikibanduka rangi ukingoni, hata alama ndogo kama punje ya mtama, kwetu Elisabethville haikuwa zawadi tena. Mama wa bibi arusi aliipitishia kidole pembeni mbele ya watu wote, na kidole kikikwaruza mahali, sahani ilirudishwa mikononi mwa aliyeileta bila neno. Nimemwona mwanamke mtu mzima akirudi kwake na sahani yake kichwani, analia njia nzima, kwa ajili ya kibanduko ambacho usingekiona bila kuinama. Nilimcheka. Wakati huo nilikuwa sijaanza kuuza sahani.

Nilianza miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu. Mume wangu alikuwa akipaka mafuta magurudumu ya mabehewa katika kampuni ya reli, nasi tulikaa kambi ya reli, nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na mlango uliofanana na mlango wa kila jirani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono isiyotakata hata Jumapili. Hatukuwa tumejaliwa mtoto. Mke wa mtu wa reli alipewa mara chache kwa mwaka karatasi ya kupanda treni bila kulipa, na wenzangu waliitumia kwenda kwao kaskazini, kuzika na kuozesha. Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, na ndugu wa mume hawakunipenda, jambo ambalo halikunikosesha usingizi. Mimi nikaelekea kusini, ng'ambo ya mpaka, kwa Waingereza.

Nilikwenda na magunia ya vinkubala, wale viwavi wa msituni waliochemshwa na kukaushwa juani, na nikarudi na sahani, vikombe na sufuria. Wachimba migodi wa kule walivitamani vinkubala kupita nyama. Sahani za kule nazo zilikuwa nzito na zenye kung'aa, si zile nyepesi za maduka ya hapa mjini. Nilijiona nimegundua dunia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kiburi kilinijaa mpaka kwenye shingo.

Mtu akisikia biashara ya nchi mbili hudhani ugumu wake ni umbali. Umbali si kitu. Treni ndiyo inayokwenda, wewe umekaa. Ugumu ni kwamba kila unachokijua vizuri nyumbani, ukivuka mpaka kinakugeuka. Kwetu ukimpimia mtu kikombe cha vinkubala lazima umwongezee konzi moja juu, matabishi, la sivyo anakuona mwizi na harudi tena. Kule nilipoongeza konzi, mnunuzi wa kwanza aliinua macho akaniuliza hivi vina nini hata unavigawa bure. Akarudisha vyote. Nilisimama pale mdomo wazi, mkono bado umeshika konzi yangu. Kwa mara ya kwanza maishani ukarimu wangu ulinipotezea mteja, na bado nilikuwa nimebakiza gunia zima.

Sahani nazo zilikuwa na kesi yao. Ng'ambo walipenda nyeupe tupu, yenye mstari wa buluu ukingoni, kama za mabwana zao. Wanawake wa kwetu walitaka ua katikati, tena ua kubwa, jekundu, linaloonekana chakula kikiisha. Mwenye duka niliyenunua kwake, mzee wa Kihindi mwenye haraka, hakuamini. Alisema hakuna mtu duniani anayekula ili aone ua. Nilibishana naye safari mbili nzima kwa lugha ya kule, Cibemba changu cha kuokoteza na chake kibaya kuliko changu, mpaka akaagiza kasha moja la maua, kwa kunionea huruma au kwa kunichoka. Liliisha kambini kwetu kwa siku mbili.

Lakini sahani zilibanduka. Kutoka kule mpaka Sakania, penye forodha, na kutoka Sakania mpaka mjini, treni ilizitikisa na kuzigonganisha, na nilipofungua kasha nyumbani nilikuta nusu yake haifai kwa arusi yoyote. Nikaanza kuzifungia kwa majani makavu. Watu wa forodha wakayatupa yote chini, wakisema majani ya ng'ambo yanaleta ugonjwa wa ng'ombe. Ng'ombe gani? Mimi sikuwa na hata kuku. Safari iliyofuata nikazifungia kwa vitambaa vikuukuu, wakasema kitambaa ni bidhaa, kilipiwe ushuru. Nilitukana, lakini kwa Kiluba, lugha ambayo yule askari wa forodha, kwa bahati, hakuijua.

Basi nikamwambia mzee wa duka anifungie kwa karatasi. Karatasi hakuna aliyeuliza habari zake. Sakania walifungua kasha, wakahesabu sahani, wakagonga mhuri, wakalifunga. Mzee aliokota karatasi popote alipozipata: magazeti, vitabu vilivyochanika, majarida ya bure yaliyogawiwa mlangoni kwake na watu wa dini. Aliifunga kila sahani ndani ya kurasa mbili, na toka siku hiyo sikuona kibanduko. Nilimshukuru Mungu kwa karatasi zile. Nasema kweli, nilimshukuru kwa sauti, kanisani.

Sasa, nani kati yetu angeitupa karatasi nzuri? Wakati ule kwetu karatasi ilikuwa mali. Nilikuwa nakaanga karanga na kuziuza mbele ya nyumba na sokoni Jumamosi, na kila muuza karanga alihitaji karatasi ya kusokota pembe ya kutilia karanga. Wengine walitumia mifuko ya saruji, iliyotia vumbi mdomoni. Zangu zilikuwa karatasi nene za ng'ambo, safi, nyingine zenye picha. Nilizinyoosha kwa mkono, nikazikata mara nne, nikazisokota. Zenye picha niliwawekea wateja wangu wazuri. Kulikuwa na picha moja iliyopendwa sana, upande mmoja mji unaungua, upande wa pili watu wa kila rangi wanacheka bustanini. Akina mama walikuja wakasema, "Unipatie yenye kuwa na ile bustani."

Nilijua kusoma. Masista walinifundisha Kiswahili na Kifaransa kidogo, na Cibemba cha karatasi zile, kwa kuwa herufi ni zilezile, niliweza kukifuata kwa kidole. Sitajifanya sikuwahi kutupia macho. Nilisoma mstari huu na ule. Palikuwa na jina la Mungu, na ufalme, na siku za mwisho. Nikasema hizi ni habari za Waprotestanti, haziniingilii, karanga haziulizi dhehebu. Haikunijia hata kidogo kwamba ukurasa wenye jina la Mungu unaweza kumfunga mtu.

Walikuja saa sita mchana, siku ya kazi. Nilikuwa nimekaa kizingitini nachambua karanga. Askari wanne na Mzungu mmoja wa kaptura, ambaye alipita kando ya ungo wangu bila kuukanyaga, nikamwona ana adabu.

"Bwana ya hii nyumba eko wapi?" askari mmoja aliniuliza.

"Eko ku kazi," nikajibu. "Kuko nini?"

Wakaingia, wakavuta makasha yangu mawili yaliyofika wiki ile, wakayafungua. Nikajua: magendo. Kuna mtu amenisingizia kwamba napitisha mali bila ushuru. Nikakimbilia sandukuni nikatoa risiti zangu zote za forodha, zimefungwa kwa uzi, mihuri yote mahali pake, nikamshikisha yule Mzungu mkononi kama mtoto anayeonyesha daftari lenye alama nzuri. Hakuzitazama. Alizipokea tu kwa kuwa nilikuwa nimemsukumia, akazishikilia.

Askari walikuwa wanatoa sahani na kuziweka chini, moja juu ya nyingine, chuma kwa chuma. Nikapiga kelele. "Pole pole! Munaziaribu! Ni za arusi!" Nikapiga magoti nianze kuzitenganisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba hawana habari na sahani. Walichokuwa wakikipanga vizuri, kwa uangalifu, mkono juu ya mkono, ni karatasi. Yule Mzungu aliinua moja kwa vidole viwili, akaigeuza, akamwonyesha askari wa karibu ile bustani. Kisha akauliza kwa Kifaransa kama kuna nyingine. Askari akaelekeza kichwa kwenye kikapu changu cha kizingitini, penye pembe za karanga zilizosokotwa tayari, zimesimama kwa safu.

Nilikuja kuelezwa baadaye yalivyoanza. Askari mmoja, mteja wangu, tena mteja niliyemwongezea matabishi kila mara, alinunua karanga asubuhi akaenda kuzilia ofisini. Akamaliza, akaiacha karatasi mezani. Mkuu wake akaiokota kuitupa, akaisoma. Ilikuwa ya dini iliyokatazwa katika koloni nzima, dini iliyofundisha kwamba serikali zote ni za shetani na siku yake imekaribia. Watu walikuwa wakipelekwa mbali kwa kukutwa na ukurasa mmoja. Na mimi nilikuwa nimezigawa kambi ya reli nzima, sokoni, na mlangoni mwa kanisa baada ya misa, zimejaa karanga za moto.

Mume wangu walimchukua siku ileile katika karakana. Alipita mbele ya nyumba kati ya askari wawili, nguo zake za kazi zimelowa mafuta, kitambaa cha kufutia mikono bado kimechomoza mfukoni. Alinitazama akainua nyusi, kuniuliza ni nini. Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba wamemkamata yeye. Mimi walikuwa wameniacha nimesimama na ungo wangu. Nikautupa ungo na karanga zake, nikawafuata kwa miguu mpaka ofisi ya utawala.

Niliingizwa siku ya pili. Palikuwa na bwana mtawala nyuma ya meza, na karani wa kwetu, mwenye miwani na tai, aliyekuwa akitafsiri. Mume wangu alikuwa ameketi sakafuni pembeni. Nilikuwa nimefikiri usiku kucha namna ya kusema, na niliona ni rahisi: kosa ni langu, nitasema ni langu, watamwachia. Watanifunga, sawa. Nilikuwa nimevaa kikwembe cha zamani kwa ajili ya jela.

"Ile makaratasi ni yangu, bwana," nilisema kabla ya kuulizwa. "Miye njo nilileta. Miye njo ninauzisha. Bwana yangu hayue kintu."

Karani alitafsiri. Bwana mtawala akasema bila kuinua kichwa, "Elle couvre son mari." Karani hakunitafsiria, lakini Kifaransa cha masista kilinitosha. Alisema ninamfunika mume wangu.

Nikashtuka, nikasema kwa haraka, kama mtu anayeona mlango unafungwa. Nikamwambia anipime. Nikataja duka lilipo, mtaa, rangi ya mlango wake. Nikataja bei ya sahani kwa dazeni kwa shilingi, na ninavyoigeuza kuwa faranga, na ushuru wa kikombe na wa sufuria. Nikaeleza majani na ng'ombe, nikaeleza vitambaa. Nikaeleza ua jekundu. Nilisema kila kitu nilichojifunza kwa miaka mitatu ya kutukanwa na kupoteza, na nilikisema vizuri, kwa mpango, bila kukwama. Nilipomaliza niliona karani ananitazama kwa mshangao, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona fahari.

Bwana mtawala akaweka kalamu chini. "La leçon est bien apprise," akasema. Somo limekaririwa vizuri. Kisha kwa karani, akauliza ni nani aliyenifundisha maneno hayo yote.

Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Akaulizwa yeye. "Duka iko wapi?"

"Siyue, bwana."

"Jina ya mwenye duka?"

"Siyue."

"Unalipa namna gani kule?"

"Siyue. Bibi yangu njo anayua. Miye ni muntu wa mafuta, bwana."

Kila alipojibu hajui, kalamu iliandika. Mtu mwenye biashara asiyejua duka lake anaficha wenzake, ndivyo alivyoona. Nami nikamwona mume wangu anazama kwa ujinga wake, na nilipomrushia kamba ya ninachokijua, ilimzamisha zaidi. Nikasema hajui hata kusoma, mumpime, mumpe kitabu. Ilikuwa kweli, alikuwa akiweka kidole gumba kwenye karatasi ya mshahara. Bwana mtawala akauliza kama mimi ninasoma. Nikasema ndiyo, nilifundishwa na masista. Nilisema kwa kujihami, nikifikiri jina la masista litanisaidia.

"Bon," akasema. "Kwa hiyo wewe ulikuwa unamsomea." Karani alilitafsiri hilo taratibu, akitazama sakafu.

Niliogopa mdomo wangu. Kila nilichokuwa nacho cha kumwokoa, kilipotoka kilikuwa kamba ya kumfunga, na sikujua tena neno lipi lilikuwa salama.

Mwisho akatoa kwenye jalada leseni yangu ya biashara ndogo, ile niliyoipigania miezi na niliyoitunza chini ya godoro mpaka askari walipoichukua. Mwanamke aliyeolewa hakupewa leseni kwa jina lake. Palikuwa pameandikwa jina la mume wangu, na chini yake kidole chake gumba, kwa wino wa zambarau, kwa kuwa nilimwomba siku ya mapumziko twende pamoja akanigongee, naye alikwenda, akagonga, akaniuliza kama tumemaliza. Bwana mtawala aliigeuza ili niione. Karani akasema, kwa sauti ambayo sasa naiona ilikuwa ya huruma, "Mama, muke hana na biashara. Biashara ni ya mwenye jina."

"Lakini ni yangu," nikasema.

"Ni ya mwenye jina," akarudia.

Wakanirudishia sahani zangu. Hiyo ndiyo iliyonipiga butwaa kuliko yote siku ile. Zilikuwa hazijakatazwa, zimelipiwa ushuru, risiti zote zipo. Askari wawili walinibebea makasha mpaka nyumbani kwa heshima. Mume wangu walimpeleka kaskazini, mahali walipokuwa wanakusanya watu wa dini ile, mbali na reli yoyote. Walimpandisha behewa la treni ileile aliyoipaka mafuta. Nilifika stesheni ikiwa imeshaondoka, nikamkuta mwenzake wa kazi amesimama relini na kopo la mafuta mkononi. Aliniambia alikuwa mzima, alikuwa ameomba tu sabuni.

Nyumba ya kambi ilikuwa ya kazi, si yetu. Nilipewa siku chache niihame. Dada yangu mkubwa alinipokea katika mji wa Waafrika, na baadaye, Katuba ilipoanza kujengwa, alipata nyumba kule tukahamia. Nikaomba ruhusa ya kumfuata mume wangu. Nikaomba tena. Niliambiwa nisubiri jibu, na jibu halikuja. Ng'ambo sikurudi tena. Dada yangu alikuwa mkali, lakini hakunilaumu kwa maneno hata siku moja. Aliacha tu kununua karanga.

Barua zilikuja mbili au tatu kwa mwaka, kwa mkono wa mtu mwingine. Niko mzima. Usijisumbue. Salimia jirani. Nilizisoma mara nyingi nikitafuta hasira ndani yake, kwa sababu hasira ningeijua la kuifanyia. Sikuiona. Nikadhani ameificha ili aniletee mwenyewe. Nilikwenda kwa padri kuungama jambo lilelile kila mara, mpaka akaniambia Mungu amesikia tangu mara ya kwanza. Nilimjibu kwamba sijamkosea Mungu peke yake. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumwambia mume wangu siku atakayorudi. Niliyajua kwa moyo. Nilikuwa nikiyarudia nikifua, nikiteka maji, nikipanga foleni ya unga. Nilikuwa nimeamua kupiga magoti, mimi nisiyempigia mtu magoti, na kama angenipiga nilikuwa nimeamua kutoinua mkono.

Alirudi asubuhi moja, mwaka wa sita, nikiwa naanika nguo. Kwanza niliona miguu yake, chini ya shuka iliyokuwa inadondosha maji. Nilipoisogeza, alikuwa ni yeye, amekonda, nywele zina mvi, na mikono yake safi. Sijawahi kuiona mikono yake safi hivyo. Nikaanza kulia na nikasahau maneno yangu yote.

"Usilie," akasema. "Miko muzima."

Dada yangu alikimbia kununua vinkubala. Nikapika bukari mwenyewe, nikausonga ugali huo mpaka mkono ukauma. Tukakaa, yeye na mimi. Dada alituachia nyumba. Nikanawa, nikafanya ishara ya msalaba kama siku zote, baba na mwana, na nilipofika begani nikaona yeye amekaa, mikono juu ya magoti, ananisubiri. Hakufanya. Nikadhani amesahau kwa kukaa mbali na kanisa.

"Hatusali?" nikamwuliza.

"Nilisha kusali," akasema. "Mu roho. Ile ya mikono tuliacha."

Nilisema, mliacha, wewe na nani? Akanitazama kwa macho matulivu ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Akasema kule walikokuwa, walikuwa wengi, watu wa kila pande za koloni, na walikuwa na wakati. Mchana walilima, na jua likipungua walifundishana. Hakuwa akijua kitu alipofika. Walimcheka, mfungwa wa dini asiyeijua dini yake. Wakamwonea huruma wakamfundisha. Walimfundisha na kusoma. Akaingiza mkono ndani ya shati akatoa ukurasa uliokunjwa mara nyingi, akaufungua juu ya goti, akaanza kunisomea polepole, kwa kidole, mume wangu aliyekuwa akigonga gumba.

Sikusikia alichosoma. Walimchukua mtu asiye na kosa, wakampeleka mahali pekee nchini ambapo angeweza kuwa na kosa hilo, na sasa alikuwa nalo, ameketi nalo nyumbani kwa dada yangu mchana kweupe, mlango wazi. Nikanyanyuka nikaufunga mlango. Komeo lilinishinda mara mbili.

Niliporudi nikapiga magoti mbele yake, kwa kuwa niliona ni sasa au siku nyingine nisiyoijua. Nikamwambia yote: karatasi, karanga, bustani, leseni, mdomo wangu ule mbele ya bwana mtawala. Nikasema unisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja ukurasa wake, akaurudisha shatini, akaniwekea mkono kichwani.

"Aksanti," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Aksanti, bibi yangu. Biashara yako njo ilinifikisha pale. Kama haikuwa weye, ningekufa miko muntu wa mafuta tu."

Miaka sita nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, kupigwa, kuachwa. Hilo sikujitayarishia. Nikaushika mkono wake nikauondoa kichwani mwangu, nikamwambia kwa sauti ambayo nina hakika jirani waliisikia, sitaki aksanti yako, nigombeze, nitukane, sema umeteseka. Akatikisa kichwa pole pole, akanicheka kwa upendo, akamega tonge.

"Kula," akasema. "Bukari inapoa."